Stempu za Zamani: Kosa la Mtambo Lina Bei, Kosa la Mkono Halina

Yapata miaka 20 iliyopita, mjomba wangu, aliyekuwa karani kwa muda mrefu kabla ya kurudi kulima kahawa katika vilima vya Machakos, alipata mgeni. Mgeni huyo alikuwa na mkoba mkubwa, akasema kazi yake ni kununua vitu vya kale. Mjomba akavuta kutoka mvunguni kasha la bati, ambalo hapo zamani lilikuwa la biskuti. Ndani yake mlikuwa na barua ambazo marehemu baba yake alizipeleka nyumbani alipokuwa fundi seremala huko Kisumu, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Yule mgeni akazipitia barua kwa haraka, kisha akasema, "Mzee, hizi ni karatasi tu, na baadhi ya stempu zina kasoro. Lakini kwa kuwa nimekwisha kuja, nitakupa shilingi 500 kwa zote."

Mjomba alikuwa na haja ya fedha, maana mjukuu wake alikuwa karibu kuingia shule ya sekondari, na sare ilikuwa haijanunuliwa. Hata hivyo, kwa desturi ya makarani, hakuwa mtu wa kutia sahihi jambo asilolifahamu. Alimwambia mgeni arudi baada ya majuma mawili, kisha akaniita.

"Mpwa wangu," akaniambia, "mtu huyu alisema stempu zina kasoro, lakini nilimwona akizikazia macho zile zenye kasoro kuliko zile nzuri. Mimi nimeuza mahindi maisha yangu yote. Gunia lenye fukusi halipati bei ya gunia safi. Tangu lini mnunuzi akapenda kitu kwa ubovu wake?"

Swali la mjomba ni swali la haki, na wako wengi ambao bado wana makasha ya namna hiyo majumbani mwao. Kwa hiyo yafaa tulijibu kwa utaratibu, ili mwenye mali asiitupe kwa kutojua, na asiye nayo asidanganywe kwa tamaa.

STEMPU HUZALIWAJE?

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtu hawezi kutambua dosari ya stempu mpaka ajue kwanza jinsi stempu inavyoundwa.

Stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza mwezi wa Mei mwaka 1840. Ilikuwa nyeusi, yenye kichwa cha Malkia Victoria, na bei yake ilikuwa peni moja. Fundi alichora picha moja tu katika kipande cha chuma. Picha hiyo ikahamishwa kwenye gurudumu la chuma, na gurudumu hilo likakandamizwa katika bamba kubwa mara 240, safu 20 zenye stempu 12 kila safu. Hesabu hiyo haikuwa ya bahati nasibu. Katika fedha ya Kiingereza ya siku zile peni 12 zilikuwa shilingi moja, na peni 240 zilikuwa pauni moja. Basi safu moja ya stempu iliuzwa kwa shilingi, na karatasi nzima kwa pauni.

Tena, katika pembe za chini za kila stempu ziligongwa herufi mbili ili kuwazuia wenye kughushi. Herufi ya kushoto ilionyesha safu, na ya kulia ilionyesha mahali pa stempu katika safu hiyo. Herufi hizo ziligongwa kwa mkono, moja moja, katika bamba zima, na mahali penye kazi ya mkono hapakosi mtu aliyechoka. Baada ya rangi nyeusi kubadilishwa kuwa nyekundu mwaka 1841, fundi mmoja alipofika kwenye stempu ya kwanza ya safu ya pili aligonga herufi B, lakini akasahau kugonga A. Kila karatasi iliyopigwa chapa kwa bamba hilo, kabla halijasahihishwa, ilikuwa na stempu moja yenye pembe tupu. Hata leo watu wanaitafuta pembe hiyo tupu, na anayeipata hupata mali.

Hapa ndipo penye shina la jambo lote. Ikiwa bamba lina mkwaruzo, mkwaruzo huo utaonekana katika kila karatasi, mahali pale pale. Kwa hiyo dosari ya kweli ya mtambo ina makao yake, na ukiijua nafasi yake katika karatasi umekwisha kuijua asili yake.

AINA TATU ZA HITILAFU

Wakusanyaji wa stempu hugawanya hitilafu katika mafungu matatu, na bei ya kila fungu ni mbali na mwenziwe.

La kwanza ni kosa kubwa. Hili ni kama vile picha kupinduliwa miguu juu, rangi moja kukosekana, au stempu kupigwa chapa kwa rangi isiyo yake. Mfano mashuhuri ni stempu ya Sweden ya mwaka 1855 yenye thamani ya skilling 3. Ilipaswa kuwa ya kijani-buluu, lakini moja ikatoka ya manjano. Inaaminiwa kwamba kipande cha chapa cha skilling 3 kiliingizwa kwa makosa katika bamba la skilling 8, ambazo rangi yake ilikuwa ya manjano. Kijana wa shule aliyeitwa Georg Wilhelm Backman aliikuta miongoni mwa barua za nyumbani kwa bibi yake, akaiuza kwa kronor 7. Mwaka 1996 stempu ile ile iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni 2.8 za Uswisi.

La pili ni dosari ya kudumu. Hii ni ndogo, pengine nukta, pengine mstari uliokatika au herufi yenye mguu uliovunjika, lakini hurudi katika kila karatasi mahali pale pale. Wengi wa wakusanyaji hupenda fungu hili, kwa sababu halihitaji utajiri, lahitaji macho na subira.

La tatu ni ajali ya mara moja. Karatasi ilijikunja mtamboni, au tone la wino lilianguka, au mashine ya kutoboa matundu iliteleza. Ajali hizi hupendeza kutazamwa, na nyingine hupata wanunuzi, lakini kwa kuwa hakuna mbili zinazofanana, ni vigumu kuzipangia bei.

Nje ya mafungu hayo matatu kuna uharibifu. Stempu iliyochanika, iliyokwanguliwa, iliyopaushwa na jua au kuliwa na mende haikukosewa na mpiga chapa. Ilikosewa na sisi wenyewe. Jicho lisilozoea huchanganya uharibifu na dosari, na hapo ndipo fedha za watu hupotea.

HERUFI ZILIZOPOTEA UNGUJA NA MOMBASA

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Pwani yetu wenyewe ina makosa mashuhuri yanayotafutwa dunia nzima.

Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua utawala wa nchi hii kutoka mikononi mwa Kampuni ya Imperial British East Africa. Stempu mpya zilikuwa hazijafika, na barua hazingoji. Kwanza, mwezi wa Julai, stempu za Kampuni ziligongwa kwa muhuri wa mkono huko Mombasa zikaongezwa jina la British East Africa. Kama ilivyo kazi ya muhuri wa mkono, nyingine ziligongwa mara mbili. Baadaye zikachukuliwa stempu za Bara Hindi, zikapigwa chapa ya jina hilo juu yake. Unguja nayo ikafanya vivyo hivyo mwezi wa Novemba mwaka ule ule, na kazi ikafanywa katika kiwanda cha gazeti la Zanzibar Gazette, ambalo lilikuwa limeanza kutolewa mwaka 1892.

Mpangaji herufi wa zamani alifanya kazi ngumu. Alizichukua herufi za risasi moja moja kutoka vijumbani, akazipanga kinyume, maana chapa huonekana sawa pale tu inapogeuzwa juu ya karatasi. Katika hali hiyo b hufanana sana na d, na i hufanana na l au na tarakimu 1. Basi miongoni mwa stempu za Unguja zikatoka zilizoandikwa "Zanzidar" mahali pa Zanzibar, na nyingine "Zanibar", z ya pili ikiwa imepotelea njiani. Katika zile za bara kukatoka "Britlsh", l ikiwa imekaa mahali pa i.

Fikiria jambo hili. Fundi yule, ambaye bila shaka alikuwa na haraka ya kumaliza kazi, pengine alikaripiwa siku ile kwa kosa la herufi moja. Lakini stempu zilizotoka sawasawa hupatikana kwa bei ya wastani, na ile yenye herufi iliyokosewa hununuliwa kwa bei iliyo mbali sana na ya wenzake.

KAMBA NA TANGA

Miaka 40 baadaye, mwaka 1935, nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo zilikuwa na posta moja, zilitoa stempu za picha. Ya senti 5 ilikuwa na picha ya jahazi katika Ziwa Victoria, na kichwa cha Mfalme George wa Tano. Tazama upande wa kushoto wa tanga. Utaona kamba. Katika baadhi ya stempu kamba hiyo haikufika kwenye tanga, imeachwa na upenyo mdogo mno. Katika nyingine kamba imegusa tanga. Mtu anayetazama kwa haraka ataapa kwamba stempu hizo mbili ni sawa. Lakini katika stempu hiyo ya senti 5 ya mwaka 1935, ile ambayo kamba imegusa tanga ni adimu kuliko mwenziwe, na tofauti ya bei si ndogo.

Mwaka 1954 zikatolewa stempu nyingine, za Malkia Elizabeth wa Pili. Moja ya senti 5 ilikuwa na picha ya bwawa la Owen Falls huko Jinja. Stempu hizo zilikuwa za rangi mbili, yaani fremu ilipigwa chapa mbali na picha ya kati mbali. Kazi ya namna hiyo ina hatari yake, kwa sababu karatasi ikiingizwa mtamboni upande usio wake, picha hutoka miguu juu. Ndivyo ilivyotokea. Stempu ya senti 5 yenye bwawa lililopinduliwa imeorodheshwa katika vitabu vya bei, na ni miongoni mwa stempu za thamani kubwa kabisa za Afrika ya Mashariki. Senti 5 ilitosha kupeleka ujumbe mdogo tu, nayo leo hupimwa kwa bei ya nyumba.

MTU ALIYETAFUTA AKAPATA

Wengi husema kwamba kupata stempu ya namna hii ni bahati. Bahati imo, lakini kisa cha William Robey wa Washington, Marekani, chaonyesha kwamba bahati humpenda aliyejiandaa.

Mwezi wa Mei mwaka 1918 serikali ya Marekani ilitoa stempu ya senti 24 kwa ajili ya barua za ndege. Ilikuwa na fremu nyekundu na picha ya ndege ya buluu. Robey alikuwa karani tu, lakini alifahamu kazi ya rangi mbili. Siku chache kabla ya stempu kutolewa alimwandikia rafiki yake kumkumbusha aangalie, maana picha huenda ikapinduliwa. Tarehe 14 Mei alikwenda posta asubuhi, akatazama stempu zilizokuwapo, asione kitu. Hakukata tamaa. Akachukua fedha benki, akarudi adhuhuri, akaomba karatasi nzima ya stempu 100. Alipopewa, moyo wake ukasimama. Kila ndege ilikuwa imelala chali, magurudumu juu. Akalipa dola 24 na kuondoka.

Karatasi hiyo aliiuza baada ya siku chache kwa dola 15,000, kwa mfanyabiashara wa stempu aliyeitwa Eugene Klein, na huyo akaiuza kwa dola 20,000. Hakuna karatasi nyingine iliyoonekana tangu hapo. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 stempu moja tu kati ya hizo 100 iliuzwa mnadani kwa dola zaidi ya milioni mbili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Robey aliinama mara mbili kwa siku moja.

KWA NINI KOSA MOJA NI MALI NA LINGINE SI KITU

Hapa twafika kwenye swali la mjomba. Mnunuzi hapendi ubovu. Anachopenda ni uchache wenye ushahidi. Mambo manne ndiyo yanayopanga bei.

Jambo la kwanza ni idadi. Mwaka 1903 visiwa vya St. Kitts-Nevis vilitoa stempu inayomwonyesha Christopher Columbus akitazama kwa darubini. Columbus alikufa mwaka 1506, na darubini ilibuniwa karibu miaka 100 baadaye. Kosa hilo ni kubwa na la kuchekesha, lakini halikuongeza bei hata kidogo, kwa sababu limo katika kila stempu yenye picha ile. Kosa ambalo kila mtu analo halina mnunuzi.

Lipo na la Wamarekani mwaka 1962, ambalo lafaa kukumbukwa na kila mwenye kukimbilia utajiri. Walitoa stempu ya ukumbusho wa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki katika ajali ya ndege huko Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1961. Rangi ya manjano ilipigwa juu chini katika karatasi chache. Mtu mmoja akaligundua kosa, akafurahi, na magazeti yakatangaza. Mkuu wa Posta, J. Edward Day, hakupenda watu watajirike kwa kosa la ofisi yake. Akaamuru kosa lile lile lipigwe chapa kwa makusudi, zaidi ya mara milioni 40. Siku chache baadaye mtoto yeyote aliweza kununua kosa hilo kwa senti 4.

Jambo la pili ni watakaji. Stempu yaweza kuwa adimu, lakini kama hakuna wanaoitaka, ni kama shamba zuri mahali pasipo njia. Stempu za Afrika ya Mashariki za zamani zina wakusanyaji wengi, hasa katika Uingereza, na hiyo ndiyo njia yetu ya kufika sokoni.

Jambo la tatu ni hali ya stempu yenyewe. Meno yawe kamili, rangi iwe hai, nyuma pasiwe na sehemu iliyokonda, na muhuri wa posta usomeke. Dosari ya mtambo katika stempu iliyochanika hupoteza sehemu kubwa ya bei yake.

Jambo la nne ni ushahidi. Stempu iliyo bado juu ya bahasha yake, yenye muhuri wa mji na tarehe, ina shahidi wake mwenyewe. Iliyong'olewa imempoteza shahidi huyo.

JINSI YA KUICHUNGUZA STEMPU

Mtu hahitaji vyombo vya gharama. Kioo cha kukuzia kinachokuza mara kumi chatosha, pamoja na kibanio kidogo kisicho na ncha kali, maana vidole vina jasho na mafuta. Fanya kazi karibu na dirisha, mchana, mikono ikiwa mikavu.

Kwanza, weka stempu unayoishuku kando ya stempu nyingine ya toleo lile lile isiyo na hitilafu. Bila ya kuwa na kilicho sawa, huwezi kukijua kilichokosewa. Pitia mstari kwa mstari, kuanzia pembe ya juu kushoto, kama mtu anayesahihisha hesabu.

Pili, jiulize kama hitilafu imo katika wino au katika karatasi. Inamisha stempu ili mwanga uipige ubavuni. Ikiwa nyuzi za karatasi zimeinuka mahali penye doa jeupe, basi wino umekwanguliwa baada ya stempu kutoka mtamboni. Ikiwa karatasi ni laini, na doa limo ndani ya chapa yenyewe, una sababu ya kuendelea.

Tatu, tazama jinsi muhuri wa posta ulivyokaa. Muhuri ukiwa juu ya hitilafu bila kukatika, hitilafu ilikuwapo kabla ya barua kupelekwa. Wino wa muhuri ukiwa umekatika pale pale penye hitilafu, mkono wa mtu umepita hapo baadaye.

Nne, tafuta ndugu yake. Ukipata stempu ya pili yenye dosari ile ile mahali pale pale, umekaribia kuthibitisha kwamba ni dosari ya kudumu. Ndiyo sababu stempu zilizoshikamana, ziwe mbili au nne, zisitenganishwe kamwe, kwa kuwa zinaonyesha ujirani wa nafasi katika karatasi.

Tano, angalia katika kitabu cha bei. Vile vya Stanley Gibbons vya London huorodhesha stempu za Afrika ya Mashariki pamoja na dosari zake nyingi. Lakini jihadhari: bei iliyoandikwa humo ni bei ya muuza duka kwa stempu iliyo katika hali njema. Mwenye kuuza asitegemee kuipata yote, kama vile mkulima asivyopata bei ya kahawa iliyo kikombeni huko Ulaya.

Sita, ikiwa jambo laonekana kuwa kubwa, pata cheti. Chama cha Royal Philatelic Society London, kilichoanzishwa mwaka 1869, kina kamati ya wataalamu wanaochunguza stempu na kutoa hati. Kosa kubwa lisilo na hati ni kama shamba lisilo na hati ya kumiliki. Yaweza kuwa ni lako, lakini mnunuzi atasita.

HADAA ZA WALAGHAI

Mahali penye mali hapakosi mwizi. Kuna wanaopausha rangi moja kwa dawa, kisha wakadai kwamba mpiga chapa aliisahau. Kuna wanaokata meno ya stempu, wakasema haikutobolewa. Hatari zaidi ni wale wanaochukua stempu ya kawaida ya Bara Hindi na kuipiga chapa ya uongo ya Unguja, wakiweka herufi iliyokosewa kwa makusudi. Chapa za namna hiyo zimeghushiwa tangu zamani.

Namfahamu karani mmoja kijana aliyeonyeshwa stempu kama hiyo. Aliitazama kwa furaha, wala hakutazama kwa kioo. Alitoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya karo ya mdogo wake, akitumaini kuzirudisha mara kumi. Mtaalamu alipoiona alionyesha jambo moja tu: wino wa jina la Zanzibar ulikuwa umepita juu ya wino wa muhuri wa posta. Yaani stempu ilitumika kwanza, ikapigwa chapa ya jina baadaye. Jambo hilo haliwezekani kwa stempu ya kweli. Mdogo wake alikaa nyumbani muhula mzima. Haraka haraka haina baraka.

KASHA LA MJOMBA

Sasa nirudi Machakos. Tulikaa siku mbili mezani, mjomba na mimi, tukiwa na kioo cha kukuzia na taa. Jambo la kwanza tuliloliona lilitusikitisha. Stempu zaidi ya 30 zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Yule mjukuu, kwa nia njema, alikuwa amezikata, akazilowesha katika maji ya moto na kuzibandika kwa gundi katika daftari la shule. Mihuri ilikuwa imepotea nusu, na migongo ya stempu ilikuwa imechunika. Kati ya hizo mbili zilikuwa na kamba iliyogusa tanga. Zilikuwa mali, zikawa mapambo ya daftari. Mjomba hakumkemea mtoto. Alisema tu, "Hakuna aliyemfundisha, na mwalimu nilipaswa kuwa mimi."

Stempu moja ya rangi hafifu, ambayo sisi tuliitumainia sana, ilikuwa imepaushwa na jua tu. Nyingine iliyokosa pembe ilikuwa imeliwa na mende. Lakini katika bahasha moja, yenye muhuri wa Kisumu wa mapema mwaka 1938, kulikuwa na stempu nne za senti 5 zilizoshikamana, safi, na katika zote nne kamba ilikuwa imegusa tanga. Bahasha hiyo ndiyo yule mgeni aliyokuwa ameitazama kwa muda mrefu.

Aliporudi, mjomba alimkaribisha chai, kisha akamwomba ataje bei ya bahasha ile moja peke yake. Mgeni akanyamaza, akatutazama sisi wawili, akaona kioo cha kukuzia mezani. Akamaliza chai yake, akaaga.

Bahasha iliuzwa baadaye kwa njia ya mnada, baada ya kuchunguzwa na mtu anayejua. Haikuleta fedha ya kununua shamba, wala sitaki msomaji adhani hivyo. Ilileta fedha ya sare, viatu na vitabu vya mwaka wa kwanza. Barua yenyewe, ambayo seremala alimwandikia mkewe kuhusu bei ya mbao na homa ya mtoto, mjomba aliitoa bahashani kabla ya kuuza. Bado imo katika kasha la bati.

Basi, wewe uliye na barua za wazee, usizikate, usizioshe, usizibandike gundi. Ziweke mahali pakavu, mbali na moshi wa jikoni, mchwa na jua. Wafundishe watoto kutazama kabla ya kugusa. Na akija mtu akakuambia kwamba stempu zako zina kasoro na kwa hiyo hazina thamani, mshukuru kwa habari hiyo, mkaribishe chai, kisha uende ukatafute kioo cha kukuzia.